Umekubali, au Umekubalishwa?

Kiswahili kina maneno chungu nzima ya kumvuta mtu upande wako, na si yote yenye nia njema. Nilipanda mpaka Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara, nikayaona karibu yote yakifanya kazi kwenye posa moja.

Hivi mwenzako alipokujibu "basi, sawa", ulimsikia vizuri? Maana sawa ziko nyingi, jamani. Ipo sawa ya mtu aliyeelewa, ipo sawa ya mtu aliyechoka kubishana, na ipo ile sawa fupi inayosemwa macho yakiwa kwenye simu. Hiyo ya tatu ndiyo wengi wetu tunaitia mfukoni haraka haraka, kisha tunatangaza kwamba tumekubaliana.

Sisi wa mjini tunauheshimu sana ushawishi. Ofisi inakupeleka semina ya siku mbili, chai na sambusa juu yao, ufundishwe stadi za mawasiliano. Tangazo la kazi linataka mtu "mwenye uwezo wa kushawishi wengine". Mitandaoni kuna vijana wanaolipwa kwa kazi hiyo hiyo, kutushawishi tununue mafuta ya nywele. Halafu Jumapili inafika. Yule yule aliyejisifia ushawishi kwenye barua ya kuomba kazi anaingia kanisani, na kama ni Mkatoliki, ndani ya Baba Yetu anaomba Mungu amwepushe na kitu kinachoitwa kishawishi! Waluteri mahali hapo wana neno majaribu, kwa hiyo wao wamesalimika. Lakini hata nje ya kanisa, ukimwambia mzazi kwamba mjini kuna vishawishi vingi, hafikirii semina wala mafuta ya nywele. Anafikiria pombe, pesa za haraka na waume za watu.

Nimesomea mawasiliano chuo kikuu, na kule tulilishwa sana Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Alisema anayetaka kuwavuta watu ana vitu vitatu mkononi: heshima yake mwenyewe, hisia za wanaomsikiliza, na hoja anayoileta. Ni mgawanyo mzuri, na mpaka leo watu wa matangazo wanautumia. Tatizo langu ni kwamba umekaa upande wa anayesema. Yule anayeambiwa, akishasema ndiyo, habari yake imeisha. Maneno yetu ya Kiswahili yanajali zaidi jambo hilo. Yanakuambia nani amekaa juu, nani amekaa chini, na anayeombwa akikataa itakuwaje.

Tonge mdomoni

Chukua kushawishi lenyewe. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuvuruga na kuchanganya, na ndugu yake tunaye hapa hapa: tashwishi, yaani shaka. Kwa hiyo anayeshawishiwa kwanza anatikiswa. Ulikuwa umetulia na uamuzi wako, nikaja nikatibua maji. Pengine nimeyatibua kwa faida yako, lakini maji yametibuka.

Kubembeleza ni habari nyingine. Mtoto hubembelezwa alale. Sauti inashuka, mwili unayumba taratibu kama uko kwenye bembea, na hoja haipo kabisa. Hakuna mama aliyewahi kumpa mtoto sababu tatu za kulala! Ndiyo maana mtu mzima akibembelezwa huona raha, na ndiyo maana baadaye anazinduka na kujiuliza usingizi ulimchukua saa ngapi. Kubembeleza kuna mahali pake, mpenzi akiwa amenuna kwa mfano. Kumbembeleza asaini dhamana ya mkopo wako benki, hapo mimi simo.

Anayesihi amejishusha, huwezi kumsikia bosi anamsihi karani. Kuhimiza na kuhamasisha ni maneno ya mkutano wa hadhara, yana vumbi na kipaza sauti. Kunasihi ni kutoa nasaha, na wale tuliokua wakati wa kampeni za UKIMWI tunakumbuka vibao vya ushauri nasaha: mnasihi aliyefunzwa anakueleza, anakusikiliza, kisha uamuzi wa kupima anakuachia mwenyewe. Hilo "kukuachia" si dogo.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni kurai. Siku hizi limebaki kwenye hotuba, mheshimiwa fulani "ametoa rai kwa wananchi". Wenyewe wa zamani walijua pia maana yake nyingine: kumega tonge na kumtia mwenzako mdomoni kwa mkono wako, kwa heshima na mapenzi. Hebu lifikirie hilo tonge. Aliyelimega amelikanda, amelipoza, amelichovya mchuzi. Ila mdomo ni wako. Ukiufunga, tonge linarudi sahanini na hakuna aliyekufa. Maharusi wanaolishana keki ukumbini wanarai bila kujua jina lake.

Huku chini kabisa kuna kurubuni, kulaghai, kughilibu na kuhadaa, ambayo hayahitaji maelezo. Kila mmoja wetu ana wake aliyemfundisha maana. Na katikati ya njia kuna kutongoza. Vijana wamelipamba kwa majina mengi, kupiga saundi likiwa mojawapo, lakini lililonichekesha zaidi ni kumwaga sera. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 nchi ilijaa wagombea wanaomwaga sera majukwaani, na mtaani wakaliazima: kumwaga sera ikawa kumwambia msichana unampenda. Sijui ni utani gani mwingine wa mtaani ulio sahihi kama huo. Wote wanaahidi, wote wana haraka, na wote hawapatikani hewani wakishashinda.

Rafiki yangu mmoja alimwaga sera zake vizuri akakubaliwa. Shida ilianza baada ya hapo.

Mabati ya mama

Huyu rafiki yangu ni mhasibu Dar es Salaam, mzaliwa wa Soni, kijana mtaratibu, nguo zake zimepigwa pasi muda wote. Mchumba wake ni mwalimu wa shule ya msingi huko kwao Mtae. Hawana ugomvi, hawachunguziani simu. Wana jambo moja tu: bwana anataka wakishafunga ndoa bibie aache kazi, ahamie Dar.

Alianza kwa hoja. Mshahara wangu unatosha, kulipia nyumba mbili ni hasara, tutafungua duka la vifaa vya shule. Akakataliwa. Akaja na kubembeleza, ujumbe wa usiku, nyimbo. Akamtuma dada yake apige simu kama vile amepiga tu kusalimia. Kila nikimuuliza wamefikia wapi, jibu lake ni moja: "Namshawishi taratibu. Atakubali tu."

Atakubali tu! Sentensi hiyo imenikaa kichwani kwa sababu haina nafasi ya jibu jingine. Mwenye kuisema ameshajua mwisho wa mazungumzo, anasubiri mwenzake afike.

Basi, nikaalikwa kwenye msafara wa posa. Ukifika Mombo unaiacha barabara kuu na kupanda kilomita 33 za lami yenye kona mpaka Lushoto mjini, ukipitia Soni. Hapo wengi ndipo wanapodhani Usambara imeisha. Sisi tuliendelea, msitu wa Magamba, Lukozi, Manolo, Sunga, barabara ya vumbi inayopita juu ya mgongo wa mlima, na kila bonde mashamba ya kabichi, viazi na maharage yamebandikwa kwenye mteremko kama viraka. Halafu mlima unakatika ghafla. Mtae imekaa kwenye ukingo wenyewe. Mbele yako hakuna kitu ila hewa, na chini kabisa nyika ya Mkomazi, ambayo tangu mwaka 2008 ni hifadhi ya taifa. Asubuhi mawingu yako chini yako. Siku ikiwa safi unaiona Kilimanjaro. Na usiku baridi yake si mchezo, nendeni na masweta.

Jioni ile nilikaa na bi harusi mtarajiwa uani, tunachambua maharage. Nilitegemea anieleze habari za gauni. Yeye akaniambia hivi:

"Dada, mwaka jana alimwezekea mama nyumba. Mabati thelathini na mawili, niliyahesabu mwenyewe yakishushwa. Hajawahi kuyataja hata siku moja, simsingizii. Lakini kila akianza habari ya mimi kuacha kazi, mimi naangalia juu."

Nikamuuliza kwani akisema hapana kutatokea nini.

"Hakuna. Nitaonekana sina shukrani, basi." Akarusha jiwe dogo alilolitoa kwenye ungo. "Nampenda, na kwake nitakwenda. Ila sitaki kukubalishwa."

Hapo ndipo nilipokiona Kiswahili kinavyofanya kazi. Kula, kulishwa. Kuvaa, kuvalishwa. Kukubali, kukubalishwa. Silabi moja tu imeongezeka, na mwenye mdomo ameshakuwa mtu mwingine.

Habari ya zawadi inayofungua mlango si ngeni Usambara. Ndiyo iliyoanzisha ufalme wao. Wasambaa wanasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akiwa amenyimwa urithi kwa sababu alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia. Abdallah bin Hemedi aliziandika kwa Kiswahili katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Mbegha hakuja na jeshi la kuteka. Alikuja na mbwa na mikuki, akawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Akaamua kesi zao. Alipofika Vugha akaua simba, na watu wakamfanya mfalme wao. Hakuna aliyelazimishwa. Lakini wajukuu wa waliokula ile nyama walijikuta wanapeleka mifugo na nguvu zao Vugha kama kodi kwa wajukuu wa mwindaji.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, aliandika mwaka 1984 kitabu kilichopata umaarufu mkubwa kuhusu ushawishi, na miongoni mwa kanuni zake kubwa ni hii: ukimpa mtu kitu, hata kidogo, hata ambacho hakukiomba, ataona deni. Wasambaa wangeweza kumwambia mapema zaidi. Na sisi Watanzania tuliwahi kulipeleka jambo hilo mahakamani. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, ule "ukarimu wa jadi" wa mgombea kwa wapiga kura, pilau na vitenge vikiwamo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mwenye pilau na asiye na pilau hawawi sawa mbele ya mpiga kura aliyeshiba.

Simaanishi kwamba rafiki yangu aliwezeka nyumba ya mama mkwe ili anunue neno "sawa". Alifanya kwa moyo mweupe, na nyumba ilikuwa inavuja kweli. Ninachosema ni kwamba mabati hayahitaji nia ya aliyeyaleta. Yanakaa juu ya paa na kuongea yenyewe.

Aliyekuwa na haki akakataliwa

Asubuhi, kabla ya wageni kukusanyika, babu wa nyumba alinipeleka ukingoni kunionyesha nyika. Tukaishia kuongelea matuta. Si haya ya barabarani yanayotupasulia magari! Matuta ya shamba, ambayo watu wa umri wake wakiyataja bado wanakunja uso.

Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, si mbali na Mtae, na baadaye ukapanuliwa kuwa mpango wa Usambara nzima. Mkulima alitakiwa alime matuta kwenye mteremko, asichome majani, asichunge apendapo. Aliyekaidi alipigwa faini, wengine walifungwa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, maana jembe la chakula lilikuwa mikononi mwao. Na watu walikuwa na hofu nyingine: tukishayatengeneza haya mashamba, serikali itayachukua. Wakagoma kimyakimya, wakagoma kwa sauti, TANU ilipozaliwa mwaka 1954 ikakuta hasira imeshaiva, na kufikia mwaka 1957 mpango ukafa.

Kinachoniuma kwenye habari hii ni kwamba Mwingereza hakuwa anasema uongo. Udongo ulikuwa unakwenda kweli! Mvua ya Usambara kwenye mteremko ule haina mzaha. Alikuwa na hoja, na hoja yake aliifunga kwenye faini, basi watu wakaitupa pamoja na faini. Miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, SECAP, kwa msaada wa Wajerumani. Nao ulitaka mistari ya kuzuia maji kwenye mteremko, ila safari hii ikapandwa majani ya Guatemala na majani ya tembo ambayo mkulima angeyakata akamlisha ng'ombe zizini. Faida aliiona kwenye ndoo ya maziwa na kwenye samadi. Wapo waliokubali, wapo waliokataa, na aliyekataa hakufungwa. Ukipita leo unaiona mistari ya majani hayo kwenye baadhi ya mashamba, na jirani yake shamba tupu. Mazungumzo bado yanaendelea.

"Kwa hiyo babu, ninyi mlikubali majani mkakataa matuta?"

"Matuta hatukuulizwa," akasema, akageuka kurudi ndani kwa sababu ya baridi.

Wasambaa wana lugha yao ya mambo haya, na Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyefanya utafiti huku tangu miaka ya 1960, aliichambua vizuri. Kuna kubana shi, kuiharibu nchi, na kuna kuzifya shi, kuitengeneza. Nchi inaharibika pale wenye uwezo wawili, kila mmoja na mvua yake, wanaposhindana nguvu kwa nguvu. Mvua zinagombana, watu wanalala njaa. Najua wasomaji wenye ndoa mmeshaiona sebule yenu hapo. Ila tusiikumbatie yote. Dawa ya wazee wa zamani ilikuwa mmoja amshinde mwenzake kabisa, nguvu zote zikae mkono mmoja, ndipo mvua inyeshe vizuri. Hiyo kwa mfalme sawa. Kwa mke na mume mimi siinunui, na kwa jinsi nilivyomuona mwalimu yule, naye hakuwa mnunuzi.

"Barua inabaki, au tunarudi nayo?"

Mshenga wetu alikuwa mzee wa Lushoto, zamani dalali wa kabichi na pilipili hoho za kwenda sokoni Dar. Njiani alitupa somo lote la udalali bila kuombwa. Dalali mbaya, alisema, anamkuta mkulima asubuhi ana deni la mbolea, anamwambia bei Dar imeanguka, anaondoka na mzigo. Amemshawishi, sawa. "Mimi nilikuwa naangalia kitu kimoja tu: msimu ujao huyu mtu atanipigia simu mwenyewe?"

Sala ikafanywa, soda zikafunguliwa. Mzee akasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Sisi tulikuwa tunapita njia. Tukaona uani kwenu kuna mti wa peasi umestawi sana."

"Peasi ziko nyingi huku," baba mdogo wa binti akajibu. "Mmeuona upi?"

Watu wakacheka, mafumbo yakapigwa mpaka yakaisha, barua ikawekwa mezani. Shangazi akamwingiza binti. Akaulizwa kama anatufahamu, akasema anatufahamu. Akaulizwa kama barua ipokelewe.

"Ipokeeni," akasema. "Lakini lipo jambo."

Kwa desturi binti alikuwa amemaliza kazi yake kwenye lile neno la kwanza. Baba mdogo akataka kulifunika: "Hayo mengine mtayamaliza wenyewe huko ndani." Na sheria nayo ingekuwa upande wake, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai hiari ya wote wawili kwenye kufunga ndoa, na hiari ilikuwepo. Haiulizi habari za zile ndiyo nyingine zote zinazofuata nyuma ya ndiyo kubwa, nani ahame, nani aache kazi, nani alee.

Mshenga akaomba binti aachiwe aseme. Akasema ana miaka minane kazini, ana darasa la saba la mwaka huu, na kazi haachi.

Rafiki yangu akainuka nusu. "Wazee wangu, mimi nilikuwa namshawishi tu, sija..."

"Subiri, mwanangu," mshenga akamkatiza, na kumbuka huyu ni mshenga wetu, tumemleta sisi! "Nikuulize. Binti akisema kazi haachi, hii barua inabaki, au tunarudi nayo?"

Kimya kile kilikuwa kirefu. Nilimuona anamtazama mchumba wake, halafu anatazama sakafu. Nadhani hakuwa amewahi kuulizwa, na hakuwa amejiuliza.

"Inabaki, mzee."

"Na mabati ya wifi yangu?" shangazi akadakia kutoka mlangoni. Nyumba nzima ikaangua kicheko, mama mwenyewe akajifunika uso kwa khanga.

"Yale ni zawadi, shangazi. Hayahusiki."

"Basi," mshenga akamgeukia binti, "sema sasa."

Naye akasema, kwa utaratibu wa mwalimu anayeandika ubaoni. Hataacha kazi. Ataomba uhamisho wa kumfuata mwenza, ambao kwa watumishi wa serikali upo, na kama kuna mwalimu Dar anayetaka kurudi milimani atatafuta wabadilishane vituo. Wakati wanasubiri, mume atapanda Mtae na yeye atashuka Dar wakati wa likizo. Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba ikipita miaka miwili uhamisho umeshindikana, yuko tayari wakae chini walizungumze upya hilo la kuacha kazi.

Hilo la miaka miwili hakuna aliyemuomba. Kwa mwaka mzima rafiki yangu alikuwa amehangaika apate hata nusu yake, kwa hoja, kwa nyimbo na kwa dada mtu, hakupata. Alipewa dakika tatu baada ya kukubali kukataliwa mbele ya watu.

Tulishuka mlima kesho yake. Mshenga alikaa mbele na dereva, wanabishana bei ya viazi. Rafiki yangu alikaa nyuma karibu na mimi, na mpaka Lukozi hakusema kitu. Kisha akauliza kama namfahamu mwalimu yeyote Dar aliyechoka na joto.

Ndoa ilifungwa mwezi Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Keki walilishana. Darasa lake la saba lilikuwa limeshafanya mtihani, naye akapewa jingine. Bwana anapanda basi la Lushoto kila mwisho wa mwezi, amenunua sweta zito. Barua ya kuomba uhamisho ilikwenda Januari, na mpaka tunakwenda mitamboni ilikuwa bado haijajibiwa.